Dhiki ya Kifua na Upana wa Neema: Historia Fupi ya Tiba ya Hofu, kutoka Nchi ya Wamwera hadi Lutindi

1. Utangulizi

Kata ya Matambarale imo katika Wilaya ya Ruangwa, ambayo hadi mwaka 1995 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Nachingwea, Mkoa wa Lindi. Wenyeji wake wengi ni Wamwera, wakulima wa korosho, ufuta, muhogo na mtama. Tumwangalie, kwa mfano tu, mama mmoja wa huko. Amelala salama, usiku wa manane anaamka ghafula, moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, mikono inakufa ganzi, jasho linamtoka, na ndani yake kuna yakini moja tu, kwamba anakufa. Baada ya robo saa au nusu saa hali inatulia. Kesho yake hana homa wala jeraha. Juma linalofuata jambo lilo hilo linarudi. Mwezi wa tatu haendi tena shambani peke yake, wala hasogei mbali na nyumba yake.

Mama huyu ataelekea wapi? Milango iliyo wazi mbele yake ni mitatu: mganga, zahanati, na nyumba ya ibada, iwe msikiti au kanisa. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kila mmoja wa milango hiyo una historia yake, na kwamba Kanisa la Kilutheri katika nchi yetu halikuingia katika historia hiyo jana. Tena inakusudia kudai kwamba mchungaji asiyeijua historia hiyo anaweza, kwa nia njema kabisa, kumfungia mgonjwa mlango ambao ungemwokoa.

2. Maneno na maana yake

Yafaa kuanza na lugha, maana mgonjwa huleta maneno kabla ya kuleta ugonjwa. Kiswahili kina maneno mengi kwa jambo hili: hofu, woga, fadhaa, kihoro, wasiwasi. Neno "wasiwasi" limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni mnong'ono, hasa mnong'ono wa Shetani moyoni mwa mwanadamu. Kwa hiyo anayesema "nina wasiwasi" anatumia neno ambalo tangu asili yake lina theolojia ndani yake, ijapokuwa yeye mwenyewe huenda hakusudii hivyo.

La ajabu zaidi ni neno "dhiki". Nalo limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni wembamba, mahali pasipo na nafasi. Neno la Kijerumani ambalo Luther alilitumia kwa hofu kuu, yaani Angst, nalo lina asili moja na neno la Kilatini lenye maana ya nyembamba. Kiebrania hakiko mbali: katika Zaburi ya 118, aya ya 5, mwombaji anamwita Bwana akiwa mahali pembamba, naye Bwana anamjibu kwa kumweka mahali palipo na nafasi. Lugha hizi hazikutoka ukoo mmoja, wala watu wake hawakukutana kupatana juu ya neno. Wote walisikia jambo moja kifuani. Basi mama wa Matambarale anaposema kifua kinambana, asidhaniwe kuwa amekosa maneno ya kitaalamu. Amesema kama alivyosema mtunga Zaburi.

3. Hofu na dawa zake katika nchi ya kusini

Nchi iliyo kati ya Lindi, Ruangwa, Nachingwea na Masasi imeonja hofu kwa njia nyingi. Katika karne ya 19 njia za misafara ya watumwa zilipita kusini kuelekea Kilwa na Lindi. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji, vilivyoanza katika nchi ya Wamatumbi mwishoni mwa Julai, vilienea hadi kwa Wamwera. Mwezi Agosti mwaka huo misheni ya Wabenediktini ya Nyangao iliharibiwa, na mmoja wa masista alipoteza maisha katika kukimbia. Waliokufa katika vita hivyo na katika njaa iliyofuata hukadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa kuliko risasi.

Yatupasa kutazama kwa makini dawa yenyewe iliyovipa vita hivyo jina. Maji aliyoyatoa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye Wajerumani walimnyonga mapema Agosti 1905, yalikusudiwa kuzifanya risasi kuwa maji. Wanahistoria wameyaeleza kama chombo cha kuunganisha makabila, nao wamesema kweli. Lakini mchungaji ataona na jambo jingine: kwanza yalikuwa dawa ya hofu. Aliyeyanywa au kunyunyiziwa aliweza kusimama mbele ya bunduki. Dawa hiyo iliondoa woga bila kuondoa hatari, na hapo ndipo msiba wake ulipolala. Somo hilo tutalirudia.

Hofu za amani nazo hazikukosa. Mwaka 1947 ulianza mpango wa Waingereza wa kulima karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya vituo vyake vikuu. Mwaka 1951 mpango ukaachwa kwa hasara kubwa, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara haikudumu hata miaka 20. Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa katika vijiji, wengine wakiacha mikorosho na makaburi ya wazee wao. Tena simba hawakuacha kuwa hofu ya kweli: utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa na simba Tanzania tangu mwaka 1990, na Lindi ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Anayeogopa kwenda shambani usiku katika nchi kama hiyo hana wazimu. Kazi ya mshauri ni kupambanua hofu inayolinda uhai na hofu inayoula.

Watu hawakukaa bila tiba. Katika pwani yote na bara yake, aliyeshikwa na mtetemeko, moyo kwenda mbio au kuzimia bila sababu alipelekwa kwa mganga wa pepo. Pepo alipungwa kwa ngoma, akaulizwa jina lake na haja yake, akapewa alichotaka, naye mgonjwa mara nyingi akaingizwa katika chama cha waliokwisha kutibiwa. Zaidi ya hayo walikuwako waganga wa kuondoa uchawi katika vijiji vizima. Aliyejulikana kuliko wote kusini katika miaka ya kabla ya uhuru aliitwa Nguvumali, ambaye habari zake ziliandikwa katika utenzi wa Hasani bin Ismail, uliochapishwa mwaka 1968 kwa jitihada ya Peter Lienhardt.

Mwanatheolojia atakataa mafundisho mengi yaliyomo katika tiba hizo, hasa yale ya kumtafuta jirani wa kulaumiwa, maana mara nyingi yamehamisha hofu kutoka kwa mgonjwa na kuitwika ajuza asiye na mtetezi. Lakini asiache kuona sababu zilizowafanya watu wazikimbilie. Ugonjwa ulipewa jina. Mgonjwa hakuachwa peke yake. Jamaa zake walihusishwa. Nafasi ilitolewa kwa mwili kutetemeka na kulia bila aibu. Tena palikuwa na mwisho unaojulikana, baada yake mtu akahesabiwa kuwa amepona. Je, ni mara ngapi mgonjwa wa hofu amevipata vitu hivi vitano katika usharika wetu?

4. Luther akiwa mgonjwa

Tukigeukia historia ya Kanisa letu, tunamkuta baba yetu wa matengenezo akiwa ndani ya jambo hili hili. Tarehe 6 Julai 1527, huko Wittenberg, Martin Luther alishikwa na udhaifu wa ghafula, sikio likivuma, akaanguka, akadhani saa yake ya kufa imefika. Johannes Bugenhagen, mchungaji wake, na Justus Jonas walikuwako, nao waliandika waliyoyaona. Asubuhi ya siku ile ile alikuwa amepatwa na shambulio la roho, naye akaungama kwa Bugenhagen. Miezi iliyofuata ilikuwa ya giza, tena tauni ikaingia mjini.

Si halali kwetu leo kumwandikia Luther cheti cha daktari kutoka umbali wa miaka karibu 500. Yeye mwenyewe aliliita jambo hilo kwa neno lenye maana ya kushambuliwa na kujaribiwa, naye alilihesabu kuwa vita vya imani. Hata hivyo, yatupasa kuangalia alivyowashauri wengine. Katika barua zake kwa Hieronymus Weller mwaka 1530 na kwa Jonas von Stockhausen mwaka 1532, hakuwaambia tu waombe. Aliwashauri waukimbie upweke, watafute wenzao, wale na kunywa, wacheke, wala wasibishane na mawazo yanayowaandama. Mkewe Stockhausen naye aliandikiwa asimwache mumewe peke yake. Tena mwaka huo wa 1530, akiwa katika ngome ya Coburg, Luther aliandika ufafanuzi wa Zaburi ya 118, ile ile ya mahali pembamba na mahali palipo na nafasi, naye aliihesabu kuwa Zaburi yake mwenyewe.

Katika hayo yeye alifuata Maandiko. Eliya alipoomba afe, katika 1 Wafalme 19, malaika hakumkemea wala hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena. Neno la Bwana lilikuja baadaye. Na Bwana wetu mwenyewe katika Gethsemane, kama Marko 14 isemavyo, alifadhaika na kuhuzunika sana, akawataka rafiki zake watatu wakae karibu naye. Anayesema kwamba hofu ni ushahidi wa ukosefu wa imani, na ajiulize atasema nini juu ya bustani ile.

5. Lutindi na mlango wa tatu

Sasa twaja kwa jambo linalotuhusu sisi Walutheri wa Tanzania hasa. Mwaka 1896, katika milima ya Usambara juu ya Korogwe, palianzishwa makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, mahali panapoitwa Lutindi. Waliofanya kazi huko walikuwa mashemasi kutoka Bethel, karibu na Bielefeld katika Ujerumani, mji wa huduma ulioongozwa na Friedrich von Bodelschwingh tangu mwaka 1872, ambako wagonjwa wa kifafa na wa akili waliishi pamoja na watumishi wao, wakilima, wakifuma, wakiimba. Biashara ya watumwa ilipopungua, watoto nao wakapungua. Na kuanzia mwaka 1904 Lutindi ilianza kuwapokea wagonjwa wa akili. Hadi leo ni hospitali ya magonjwa ya akili chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki.

Mfuatano huo si jambo dogo. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya watoto walionyang'anywa na kuuzwa ndiyo iliyokuja kuwa nyumba ya waliovunjika akili. Njia yake ya kutibu, kabla ya kuwako kwa vidonge, ilikuwa kazi ya mikono, ratiba ya siku, chakula, wimbo na sala, na kukaa pamoja. Tuangalie ilivyo karibu na shauri la Luther kwa Stockhausen, na hata na baadhi ya vile vitu vitano vya ngoma ya kupunga.

Serikali ya Kiingereza ilijenga hospitali ya Mirembe huko Dodoma mwaka 1927, nayo kwa muda mrefu ikawa jina la kutisha vinywani mwa watu. Baada ya uhuru jitihada zilifanywa za kuitoa huduma ndani ya kuta: vijiji vya kilimo vya wagonjwa vilianzishwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, na katika miaka ya 1980 mpango wa taifa, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na wa Denmark, ulijaribiwa katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro ili wagonjwa watibiwe karibu na kwao. Mwaka 2008 Bunge likapitisha Sheria ya Afya ya Akili. Lakini huduma hizi zilijengwa kwanza kwa ajili ya wale ambao kijiji kizima kinaona kwamba wameugua. Mama wetu wa Matambarale, anayejua anachosema, anayepika na kulea, aliachwa nje ya hesabu.

6. Elimu ya leo inasema nini

Ugonjwa wa hofu ya ghafula una historia yake hata katika utabibu. Mwaka 1871 daktari Jacob Da Costa aliandika juu ya askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani waliokuwa na moyo wa kwenda mbio bila kasoro iliyoonekana. Mwaka 1895 Sigmund Freud aliutenga ugonjwa wa hofu na magonjwa mengine ya neva. Mwaka 1980 madaktari wa Marekani waliuorodhesha peke yake, na mwaka 1986 mwanasaikolojia Mwingereza, David M. Clark, akatoa maelezo ambayo mchungaji yeyote anaweza kuyafahamu. Moyo unapiga kwa nguvu kidogo. Mtu anafasiri kwamba anakufa. Tafsiri hiyo inamtia hofu. Hofu inauongezea moyo mapigo na pumzi. Pumzi za haraka zinaleta kizunguzungu na ganzi. Na hizo zinamthibitishia kwamba kweli anakufa. Ni gurudumu linalojisukuma lenyewe.

Tiba ya mazungumzo inalivunja gurudumu hilo katika tafsiri. Mgonjwa anafundishwa maana ya dalili zake, anajifunza kupumua polepole, kisha, hatua kwa hatua na akiwa na mtu wa kumsindikiza, anarudi mahali anapopaogopa, ili aone kwamba hofu hupanda, ikafika kilele, ikashuka yenyewe. Vipo na vidonge vinavyosaidia, vinavyotolewa na mganga wa hospitali kwa majuma na miezi. Dawa za kutuliza mara moja, kama daizepamu, hazifai kutumiwa kwa muda mrefu kwa sababu mwili huzizoea. Hapa lile somo la Maji Maji linarudi: dawa ya kuondoa woga tu, isiyomfundisha mtu kuipima hatari kwa kweli, haimweki salama.

Wala isidhaniwe kwamba tiba hii ni ya miji mikubwa pekee. Huko Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 huduma ambayo akina bibi waliofunzwa huketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakiwasikiliza na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Walianza na neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi, neno la watu wenyewe. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ikiwa bibi wa Harare ameweza, mzee wa kanisa na mama wa umoja wa wanawake hawashindwi, wakifunzwa.

7. Wajibu wa mchungaji

Kutokana na historia hii napendekeza mambo manne.

Kwanza, mgonjwa apelekwe zahanati mapema. Malaria, upungufu wa damu, ugonjwa wa moyo na ugonjwa wa tezi ya shingo vinaweza kujifanya hofu, na mchungaji hana kipimo cha kuvipambanua. Kumwombea mtu na kumsindikiza hospitali ni tendo moja la upendo, si matendo mawili yanayoshindana.

Pili, tuache kuwaita mapepo kila mwili unaotetemeka. Kanisa linakiri kwamba nguvu za giza zipo. Lakini kumwambia mtu ambaye ugonjwa wake wote ni tafsiri ya kutisha kwamba ndani yake mna pepo, ni kumwongezea tafsiri ya kutisha kuliko ile aliyokuja nayo. Na anayemwamuru mgonjwa aache dawa alizopewa ili kuonyesha imani, anajitwika damu ambayo hakutumwa kuibeba.

Tatu, liturujia yetu ina dawa tusiyoitumia. Maungamo ya faragha, ambayo Luther aliyahifadhi na ambayo Bugenhagen alimpa siku ile ya Julai, ni mahali ambapo hofu inasemwa kwa sauti, mbele ya mtu mmoja asiyeshangaa, na neno la hakika linatolewa kutoka nje ya moyo unaojishuku. Zaburi za maombolezo nazo zisomwe katika ibada, ili mwenye dhiki asikie kwamba maneno yake yamo katika Kitabu.

Nne, vyuo vyetu vifundishe jambo hili. Mwanafunzi anayejua tarehe za mabaraza yote ya Kanisa, asiyejua la kufanya mkristo wake anapobanwa na kifua usiku wa manane, hajamaliza masomo yake.

8. Hitimisho

Kusini mwa nchi yetu Walutheri si wengi, na mchungaji atakayetumwa Ruangwa au Nachingwea atawakuta Waislamu, Wakatoliki na Waanglikana waliotangulia, pamoja na hospitali za misheni za Ndanda, Nyangao na Mnero. Asione haya kuwapeleka watu huko, wala asione haya kuketi na shehe kuzungumza juu ya wagonjwa wao wote wawili. Hofu haiulizi dhehebu.

Kazi yake ya pekee ni moja. Madaktari watampa mgonjwa jina la ugonjwa na dawa. Jamaa watampa mkono wa kumshika njiani. Mchungaji ametumwa kumwambia kwamba mahali pembamba alipo, Mungu amefika kabla yake, katika Mwana aliyefadhaika na kutoka jasho bustanini. Na kwamba nafasi pana aliyoiomba mtunga Zaburi bado inatolewa, mara nyingi kwa njia ya zahanati, ya kidonge, ya benchi, na ya jirani aliyekubali kukesha naye.